Trekta lisilo na chuma cha ulinzi lisipewe shamba

Katika uwanda wa Ruzizi, habari ya trekta lililopinduka hufika mbio. Mtu anatoka mashambani akihema, anasema trekta limelala ndani ya kanali na dereva yuko chini yake. Watu wanakimbia na majembe, na mbao, wengine mikono mitupu. Jioni maneno yanaanza. Mmoja anasema ni bahati mbaya. Mwingine anasema dereva alikuwa amekunywa. Wa tatu, kwa sauti ya chini, anataja jirani mwenye wivu. Ni mara chache mtu kuuliza swali rahisi kabisa: trekta lile lilikuwa na chuma nyuma ya kiti?

Chuma hicho karibu kila mkaaji wa uwanda amekiona, hata kama hajui kazi yake. Ni upinde mnene uliosimama nyuma ya kiti cha dereva na kupita juu ya kichwa chake, kama fremu ya mlango isiyo na mlango. Kwenye matrekta mengine ni nguzo nne zenye paa, au kabini nzima. Wengi wanadhani kimewekwa pale kwa ajili ya kufunga turubai la kuzuia jua. Kiliwekwa ili siku trekta likipinduka kibebe ule uzito wa tani mbili au tatu, na kati ya kiti na udongo ibaki nafasi ya mtu mmoja kupumua. Pamoja nacho kuna mkanda, ambao kazi yake ni kumshika dereva abaki ndani ya nafasi hiyo.

Msimu wa kulima, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Luvungi, Sange na Kiliba, yanapita matrekta ambayo chuma hicho hakipo. Mengine ni ya zamani sana, yalifika hivyo. Mengine yalikuja nacho, kikaondolewa. Kisa ni nini? Kilikuwa kinagonga matawi ya miembe na michikichi. Kilikuwa kinazuia trekta kuingia chini ya paa la depo. Au kulikuwa na mtu anayenunua vyuma, na siku ile mwenye trekta alikuwa na shida ya pesa. Na dereva, ambaye ndiye mwenye kichwa kilicholindwa na chuma hicho, hakuulizwa.

Maoni ya makala haya ni kwamba trekta la namna hiyo lisipewe shamba. Mwenye shamba alikatae, koperative ilikatae, shirika linalolipia kilimo cha familia zilizohama makwao lilikatae, mpaka chuma kirudi. Watakaosema ni ukali wafikirie kwanza namna trekta linavyopinduka, maana wengi hulaumu mlima wakati uwanda wenyewe ni tambarare.

Trekta si kama Fuso. Matairi ya nyuma ni makubwa, injini imeinuliwa, kwa hiyo uzito wake uko juu. Ekseli ya mbele nayo imeshikwa katikati tu, ili iweze kuchezacheza kwenye mashimo. Maana yake ni kwamba trekta lenye magurudumu manne linasimama kama kigoda cha miguu mitatu: matairi mawili ya nyuma, na ile nukta ya katikati mbele. Kila mama aliyekalia kigoda cha miguu mitatu na kuinama upande anajua kinachofuata.

Sasa kigoda hicho kipeleke kando ya kanali. Uwanda wa Ruzizi unaishi kwa mifereji ya maji ya mpunga, na kingo za mifereji hiyo ni udongo uliolowa, ulioliwa na maji kwa chini huku juu ukionekana mzima na umeota majani. Dereva analipwa kwa hekta, mwenye shamba anamwambia asiache hata mstari mmoja, naye anasogea mpaka ukingoni. Tairi la nyuma linakata ukingo. Kanuni inayofundishwa madereva mahali pengi ni nyepesi kukumbuka: kama kanali ina kina cha mita moja na nusu, trekta likae mbali nayo mita moja na nusu au zaidi. Ule ukanda unaobaki walime kwa jembe. Ni kibarua cha siku moja kwa watu wawili, na katika kijiji chenye watu wengi wanaotafuta kibarua haipaswi kuwa shida kuwapata.

Kuna jambo lingine ambalo madereva wenyewe wanalijua lakini wanalisahau wakitoka shambani. Trekta lina pedali mbili za breki, moja ya tairi la kushoto na moja ya kulia, ili kusaidia kukata kona shambani. Kabla ya kuingia barabarani pedali hizo lazima zifungwe pamoja kwa kile kichuma chake. Zisipofungwa, dereva anayekimbia akakanyaga breki ghafla kwa sababu ya mbuzi au mtoto, anaweza kushika tairi la upande mmoja peke yake. Trekta linageuka lenyewe na kulala. Na akiwa na remoki iliyojaa matofali au miwa nyuma yake, kwenye mteremko wa kuelekea mto, ile remoki ndiyo inayomsukuma. Wapo wanaotoa vitesi na kuliacha trekta literemke lenyewe ili kuokoa mazuti. Mazuti anayoyaokoa hapo hayajazi hata chupa ya bia.

Lakini kupinduka kubaya kuliko kote ni kule kwa nyuma, na huku kunahusu sana njia zetu. Mvua ikinyesha, lori linanasa kwenye matope. Konvwayeri anatumwa kutafuta trekta. Trekta linakuja, watu wanashangilia, mnyororo unafungwa. Unafungwa wapi? Mara nyingi unafungwa juu, kwenye ekseli au penye mkono wa juu wa kubebea jembe, kwa sababu pale ni rahisi kufikia na mnyororo hauburuzi kwenye tope. Hapo ndipo kifo kinapofungwa. Lori halisogei, matairi ya nyuma ya trekta yameshika udongo, nguvu ya injini haina pa kwenda ila kuinua pua. Magurudumu ya mbele yanaacha ardhi. Wataalamu wamepima: tangu pua inapoanza kuinuka, inachukua kama robo tatu ya sekunde kufika mahali ambapo hakuna kurudi, na kama sekunde moja na nusu trekta limeshalala chali. Hakuna mtu anayeruka kwa muda huo. Kijana anayejisifu kwamba yeye ni mwepesi, ataruka, hajawahi kuhesabu robo tatu ya sekunde.

Mnyororo ufungwe chini, kwenye kile chuma cha nyuma cha kuvutia remoki, na si mahali pengine. Vitesi ndogo, ambriyaji iachiwe polepole. Lori likikataa, liondolewe mzigo kwanza, ingawa konvwayeri watalalamika. Na trekta lenyewe likinasa kwenye tope la mpunga, dereva ajaribu kutoka kwa kurudi nyuma, au lichimbwe, au livutwe na lingine. Ile desturi ya kufunga gogo kwenye matairi ya nyuma ili lipande kwa nguvu ni kuliomba ligeuke. Tairi likishindwa kuzunguka, ni mwili wa trekta utakaozunguka.

Haya yote dereva mzuri anaweza kuyafuata miaka kumi na siku moja akakosea. Chuma cha ulinzi kiliwekwa kwa ajili ya siku hiyo moja. Uswidi, nchi ya baridi ambako misitu na mashamba vinafanyiwa kazi na matrekta mengi, iliamua mwaka 1959 kwamba trekta jipya lisiuzwe bila chuma hicho, na baadaye ikadai hata ya zamani yawekewe. Mwaka 1957, kwa kila matrekta 100,000, watu 12 walikuwa wanakufa kwa kupinduka. Kufikia 1990 hesabu hiyo ilishuka hadi 0.2. Udongo wa Uswidi haukubadilika katika miaka hiyo, wala madereva wake hawakugeuka malaika. Chuma ndicho kilichobadilisha hesabu, pamoja na mkanda.

Hapa kuna jambo ambalo dereva akilikosea linaweza kumuua. Mkanda unafungwa pale tu ambapo chuma kipo na kimesimama. Matrekta mengine yana chuma cha kukunja. Kikiwa kimekunjwa, au kama hakipo kabisa, mkanda unamfunga mtu mahali atakapogandamizwa, basi asiufunge. Kikiwa kimesimama, aufunge, na trekta likilala ashike usukani kwa nguvu na abaki kwenye kiti. Kuruka ndiko kunakompeleka chini ya chuma chenyewe.

Sasa tuje kwa watu wasioshika usukani. Familia nyingi zilizoshuka kutoka milimani kwa sababu ya vita ziko uwandani bila shamba. Zinakaa kwa ndugu, kwenye makanisa, kwenye shule, au chini ya mahema, na chakula chao kinatoka kwenye kibarua cha siku. Alfajiri wanasimama kando ya barabara. Trekta linapita likienda shamba lilelile wanalokwenda, kilomita saba, kilomita kumi. Wanapanda. Mama mwenye mtoto mgongoni anapata nafasi kwenye remoki. Vijana wawili wanakaa juu ya mabati ya matairi makubwa, mmoja kushoto mmoja kulia kwa dereva. Mwingine anasimama kwenye chuma cha kati ya trekta na remoki, ameshika kamba. Dereva ni mtu mwema, hakuwadai hata faranga moja.

Ni vigumu kumwambia mtu aliyetembea siku tatu akikimbia risasi kwamba sasa atembee tena kilomita kumi ili asidhurike na trekta. Makala haya hayajifanyi kuona jambo hilo kuwa jepesi. Lakini anayekaa juu ya bati la tairi, tuta dogo likimrusha, anaangukia mbele ya tairi lenyewe, na dereva hatamwona mpaka apite. Chuma cha ulinzi hata kikiwepo hakimsaidii, kwa sababu kinalinda kiti kimoja tu. Zaidi ya hapo, watu wanaokaa juu juu wanaongeza uzito mahali pabaya, wanamziba dereva macho, na kona moja ikikatwa kwa haraka inatosha. Trekta lina kiti kimoja kwa sababu lilitengenezwa kwa mtu mmoja.

Njia ya kutoka hapa iko mikononi mwa mwenye shamba kuliko ya kibarua. Anaweza kuita watu wanaolala karibu na shamba kabla ya kuwaita wa mbali. Anaweza kuanza kazi saa mbili badala ya saa kumi na mbili na nusu, ili watu watembee kukiwa na mwanga, na asiwakate malipo kwa kuchelewa. Hatawafikia wote, na remoki zitaendelea kubeba watu kesho na kesho kutwa, hilo linajulikana. Basi walau juu ya matairi na kwenye kile chuma cha kati asikubaliwe mtu hata mmoja, dereva azime injini mpaka wote washuke. Watoto wasikaribie kabisa. Mtoto wa kambini anayeona trekta kwa mara ya kwanza analiona kama mchezo, analikimbilia kwa nyuma, na dereva anayerudi nyuma hana macho huko.

Na trekta likishapinduka? Wakaaji wa Sange hawahitaji kufundishwa na mtu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katika mji wao, watu wakasogea, wengine wakichota mafuta, moto ukalipuka na watu zaidi ya 200 wakafa. Mazuti hayawaki upesi kama esanse, lakini injini ni ya moto, betri imepasuka, na penye umati hakukosi mwenye sigara. Watu wasogee mbali, wawili au watatu wanaojua wakae karibu. Injini izimwe kama inafikiwa bila hatari. Trekta liwekewe magogo lisiendelee kubiringika kabla ya mtu yeyote kujaribu kuliinua, kwa sababu likiinuliwa kwa mikono ya watu ishirini na likawaponyoka, linamrudia yule yule aliye chini, na pengine linamchukua na mwokoaji.

Wenye matrekta wana jibu lao, na ni haki lisikilizwe. Wanasema trekta lilinunuliwa kwa deni, vipuri vinatoka mbali, kuna vizuizi na kodi njia nzima, na bei ya kulima hekta haipandi kwa sababu mkulima naye hana kitu. Yote ni kweli. Hata hivyo hali zao hazifanani. Yupo ambaye chuma chake hakikukatwa, kilifunguliwa bulo tu, na sasa kimeegemea ukuta wa nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake. Huyo hana sababu yoyote. Akirudishe leo, kwa bulo zake za ukubwa ule ule. Mwenye chuma cha kukunja akisimamishe, na akikunje tu pale anapopita chini ya mti au paa, kisha akiinue tena. Atakayeumia kweli kwa gharama ni yule ambaye chuma chake kilikatwa au hakikuwepo tangu mwanzo, kwa sababu atalazimika kuagiza kinachofaa trekta lake.

Atashawishika kwenda kwa mchomeleaji wa karibu. Wachomeleaji wetu ni mafundi, milango na madirisha ya uwanda mzima yanatoka mikononi mwao. Lakini chuma cha ulinzi cha kiwandani kilipimwa kwa kugandamizwa na kugongwa kabla ya kuuzwa, na chuma chake kimechaguliwa kupinda bila kuvunjika. Bomba la maji lililochomelewa kwenye trekta litasimama vizuri mpaka dakika ile linapohitajika. Tena linamdanganya dereva afunge mkanda. Hata chuma halisi kikitobolewa matundu ya kufunga taa, au kikakatwa na kuungwa upya, kinapoteza nguvu. Kilichowahi kupinduka mara moja kimemaliza kazi, kibadilishwe. Wakati chuma kinasubiriwa, kuna kitu kinachoweza kufanyika bila pesa nyingi: matrekta mengi yanaruhusu magurudumu ya nyuma kusogezwa nje, na kadiri yanavyoachana ndivyo kigoda kinavyokuwa kigumu kuanguka. Hicho hakimpi ruhusa ya kukaribia kanali.

Serikali inayo sheria. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamdai mwajiri alinde afya na usalama wa anayemfanyia kazi, na CNSS, ambayo watu wengi bado wanaiita INSS, ipo kulipa ajali za kazini. Tabu ni kwamba inawahusu waliotangazwa. Dereva wa kibarua cha msimu, aliyepatana kwa mdomo chini ya mwembe, hayumo kwenye karatasi yoyote. Akifa, mjane wake anapewa gunia la mchele na mchango wa maziko. Akivunjika uti wa mgongo ni vibaya zaidi, kwa sababu hospitali inadai kila siku na mwenye trekta baada ya mwezi hashiki simu. Inspekta wa kazi haonekani mashambani, na kumsubiri ni kusubiri mvua ya Julai.

Ndiyo sababu nguvu iko kwa anayelipa. Mashirika yanayokodi matrekta ili kulimia familia zilizohama yanaandika mikataba mirefu, yana kurasa za rushwa, za picha, za nembo kwenye mlango wa gari. Mstari mmoja hauwezi kuwashinda: trekta liwe na chuma cha kiwandani kilichosimama, mkanda unaofunga, na mtu mmoja tu juu yake. Agronomu wao aliangalie kabla jembe halijagusa udongo, kama anavyoangalia mbegu. Koperative za mpunga zinaweza kufanya vilevile kwenye mkutano wao mmoja. Na mwami na machefu wa vijiji, ambao hakuna trekta linaloingia shamba kubwa bila wao kujua, hawahitaji amri kutoka Kinshasa ili kusema hapa halipiti.

Dereva peke yake hawezi. Akikataa, kuna vijana wengine watatu wamesimama pale wanaosubiri usukani, na mmoja wao amejifunza wiki iliyopita. Atakubali, kwa sababu nyumbani kuna watoto.

Msimu A unaanza Septemba. Bei za hekta huanza kujadiliwa mapema, mvua ikiwa bado mbali, na katika mazungumzo hayo kila kitu hutajwa: mazuti ni ya nani, dereva atakula wapi, jembe likivunjika nani atalipa. Hapo ndipo mwenye shamba anaweza kuzunguka nyuma ya kiti, akatazama, na kuuliza chuma kiko wapi.